Oili Inayovuja Imekosa Njia ya Kurudi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao mna mashine ya kwanza na bado mnalipa deni lake: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Wenyeji mmetukirimu kwa chai ya Rungwe na maparachichi, ndaga fijo. Waliopanda basi alfajiri kutoka Mafinga na Makambako, kamwene, na poleni na baridi.

Nimeombwa nizungumzie kuvuja kwa oili kwenye mashine zetu za vyuma za nyumbani: za kukereza (kazi inazunguka, kisu kimetulia), za milingi (kisu ndicho kinachozunguka), drili za kusimama. Nasema za nyumbani kwa makusudi. Kiwandani kuna mtu wa matengenezo, kuna stoo ya vipuri na kuna kitabu cha mashine. Sisi tuna banda la bati nyuma ya nyumba, Ilomba au Uyole au Mbalizi huku kwetu Mbeya, tuna mashine iliyokwisha pita mikono ya watu watatu, kitabu chake kilipotea kwa mwenye nacho wa kwanza, na chini yake tumeweka kopo la maziwa ya unga likinge matone. Kazi inakuja hata hivyo. Leo shafti ya mashine ya kukoboa mpunga kutoka Mbarali, kesho bushi za trekta, keshokutwa puli ya mashine ya kusaga. Kopo linajaa, tunamwaga, maisha yanaendelea.

Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yananing'inia hapo. Ndani ya mashine oili ina njia ya kwenda na ina njia ya kurudi. Fundi akiiona nje, anakimbilia kuziba pale ilipotokea. Mara nyingi pale ilipotokea hapana kosa lolote. Kosa liko kwenye njia ya kurudi, au kwenye hewa iliyonaswa ndani, au oili imejazwa kupita alama, au iliyowekwa siyo yake. Sili, ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapotokea nje, ndiye mtuhumiwa wa mwisho, lakini kwetu ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Kabla hamjakamata mtu yeyote, jiulizeni kwanza kama kweli inavuja. Kuna mashine zilizoundwa oili iingie, ilainishe, itoke, basi. Myford ML7, mashine ndogo ya Kiingereza iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1940, beringi zake za spindeli, ile shafti kuu inayozungusha kazi, zinadondoshewa oili kutoka vikombe viwili vya juu, tone kwa tone, na tone likishafanya kazi yake linatoka nje. Ukiziba pale, unaua beringi. Vivyo hivyo ile oili ya kwenye bedi (reli ndefu za chini) na kwenye njia za slaidi: unaipaka asubuhi, jioni iko kwenye trei pamoja na chenga za chuma. Hiyo haivuji, hiyo imemaliza kazi. Kinachotuhusu leo ni yale masanduku yanayotakiwa kushika oili yake: kichwa cha mashine, yaani sanduku linalobeba spindeli; gia boksi ya kuchagua mwendo; na aproni, sanduku la mbele ya kigari kinachobeba kisu.

Sasa, oili inapenda kusafiri. Inatoka juu kushoto, inafuata rangi, inafuata kichwa cha boliti, inadondoka chini kulia, na wewe unafungua chini kulia. Kwa hiyo osha. Zima swichi kuu kwanza, usitegemee ile ya kwenye mashine. Futa kwa mafuta ya taa au dizeli, kisha kausha kwa kitambaa chenye spiriti. Petroli msitumie ndani ya banda. Jirani yenu wa upande wa pili ana grenda, na cheche haina adabu. Mashine ikikauka, nyunyiza poda, hii hii ya kupaka watoto, kwenye viungo vyote vya kichwa. Tandika karatasi nyeupe chini. Washa, iache izunguke mwendo wa chini robo saa, kisha mwendo wa kati, na wewe kaa pembeni na tochi. Mikono mfukoni. Mahali poda inapolowa kwanza ndipo penye habari. Saa moja baadaye kila mahali pamelowa na hujui kitu tena.

Na angalia inavuja wakati gani. Ikivuja inapozunguka tu, fikiria njia ya kurudi na hewa. Ikivuja imezimwa, usiku kucha, basi kuna kitu chini ya usawa wa oili: gaskiti (karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili), kioo cha oili, plagi ya kumwagia, o-ringi (pete ndogo ya mpira) ya mkono wa gia. Swali hilo peke yake linakupunguzia nusu ya kazi.

Niseme kwa kirefu juu ya kichwa cha mashine, maana ndiko wengi mnakoteseka.

Oili ikitoka mbele, pale spindeli inapoingia kwenye chaki, ile yenye taya za kushika kazi, ukitumia kasi kidogo inakurushia mstari kwenye shati. Kila mtu anasema sili ya mbele imekufa. Anafungua, na anashangaa: hakuna sili. Mashine nyingi za kukereza hazina mpira wowote pale. Kuna mifereji iliyochongwa kwenye spindeli, na mfuniko wenye mifereji yake. Oili inayopita kwenye beringi inarushwa na mzunguko, inagonga ukuta wa mfuniko, inateremka hadi chini, na pale chini kuna tundu dogo linaloirudisha sandukuni. Ni tundu la kuingiza msumari tu. Hilo likiziba, oili haina pa kwenda ila kwenye shati lako.

Linazibwa na nini? Tope la oili ya miaka, chenga za chuma, nyuzi za kitambaa, na zaidi ya yote silikoni. Fundi aliyepita alipaka silikoni kwenye mfuniko kama anapaka siagi, iliyozidi ikaingia tunduni, ikakauka. Aliziba kuvuja kwa kuziba dawa ya kuvuja. Mzee aliyenifundisha kazi alitoka karakana za reli, hii TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na alikuwa na desturi ya kuingiza waya kwenye tundu la kurudishia kabla hata hajauliza mashine ina shida gani. Waya wa shaba, usiokwaruza.

Kuna la pili hapo hapo. Ukifungua mfuniko ule, tazama tundu liko upande gani kabla hujautoa. Piga alama kwa tindo. Mfuniko una boliti nne au sita zilizopangwa sawa, kwa hiyo unaingia hata kichwa chini. Mashine ya mteja mmoja wa Chimala ilikuwa imekwisha badilishiwa beringi mahali fulani, na tangu siku hiyo ikawa inamwaga. Mfuniko ulikuwa juu chini, tundu liko juu kabisa, upande wa mbingu. Tuliugeuza. Na mwingine anakata gaskiti mpya nzuri kabisa kwa karatasi safi, matundu ya boliti yote yapo, tundu la kurudishia kalisahau. Karatasi inalifunika, ndio mwisho. Ukikata gaskiti, iweke juu ya mfuniko uhesabu matundu, lile dogo liwe la kwanza kuhesabiwa.

Tena unene wa karatasi ile una maana. Kwenye vichwa vingine mfuniko ndio unaokandamiza beringi, kwa hiyo gaskiti ya robo milimita ukiibadilisha kwa ya milimita moja, umelegeza beringi. Spindeli inaanza kucheza, kazi inatoka na mawimbi, na unakuja kulaumu kisu. Pima ile ya zamani kwa vania (kipimo cha taya), hata kama ni kipande tu kilichobaki.

Usawa wa oili nao. Kioo kile cha duara kina alama au kina katikati. Katikati ndio mwisho. Kuna imani hapa kwetu kwamba oili nyingi ni baraka. Ukijaza hadi juu, gia zinaikoroga, inapata povu, povu linapanda hadi kwenye mifereji ya spindeli na kutoka. Unaona imepungua, unaongeza. Nawafahamu watu wanaonunua oili kila mwezi kwa ajili ya kuimwaga sakafuni. Tone moja kila sekunde 10, kwa saa 8 za kazi, ni matone karibu 2,900. Kwa kadirio la matone 20 hadi 30 kwa mililita moja, unapoteza glasi ndogo kwa siku, na mwezi ukiisha ni lita 3 hivi.

Tuje kwenye unene wa oili, na hapa najua nitagombana na wengi. Mashine ikivuja, ushauri wa mtaani ni kuweka oili nzito: namba 40 ya injini, au namba 90 ya gia. Hoja yao ni kwamba nzito haipiti kwenye upenyo. Ngoja. Oili za mashine zinaandikwa ISO VG na namba: 32, 46, 68. Namba hiyo ni mnato wake oili ikiwa na nyuzi 40 za Selsiasi, na mashine nyingi ndogo za kukereza zinataka mojawapo ya hizo tatu. Oili ya injini namba 40, kwa kipimo hicho hicho, inakaribia 150. Gia oili namba 90 inaweza kufika 220. Na Mbeya siyo nyuzi 40. Tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai banda lako liko chini ya nyuzi 10. Hapo oili inakuwa nzito mara kadhaa kuliko inavyosema kwenye galoni. Ile ya namba 90 inasimama kama uji. Sasa iambie ipite kwenye tundu la kuingiza msumari irudi nyumbani. Haipiti. Inajaa nyuma ya mfuniko, inamwagika kwa mbele. Umeweka nzito ili isivuje, na ndiyo inayovuja zaidi, asubuhi kuliko mchana. Ukiona mashine yako inavuja sana kabla ya saa nne halafu inatulia, wala usiguse sili, badilisha oili.

Pia gia oili za magari zile kali, za GL-5, zina kemikali za salfa na fosforasi kwa ajili ya gia za difu. Kwenye bushi za shaba nyeusi na shaba nyeupe zinaweza kula, hasa mashine ikipata joto. Na oili ya injini ina sabuni ndani yake inayobeba uchafu usitulie, kwa sababu gari lina filta. Kichwa cha mashine yako hakina filta; kinategemea uchafu uzame chini. Kwa wasiopata oili ya spindeli, oili ya hidroliki ya namba 46 au 68 inapatikana mjini kwenye maduka ya vilainishi, na mimi ndiyo ninayotumia.

Hewa. Masanduku mengi ya gia yana pumulio: tundu dogo juu, lenye kifuniko, au mfuniko wa kujazia oili wenyewe una tundu. Mashine ikipata joto hewa ya ndani inatanuka na kutaka kutoka. Pumulio likiziba, inasukuma oili kwenye upenyo wowote wa karibu. Ninyi wa Mafinga mnaokaa jirani na mashine za mbao, vumbi lenu linaziba pumulio kwa msimu mmoja. Wengine mmelipaka rangi mlipokuwa mnaipendezesha mashine. Jaribio ni jepesi: mashine ikiwa inavuja, legeza mfuniko wa kujazia. Kuvuja kukipungua, umepata jibu bila kununua kitu.

Ukishapita hapo kote, sasa ruhusa, twende kwenye sili.

Hii niliyoshika mkononi, nitaizungusha muione. Imeandikwa 35x52x7. Thelathini na tano ni shafti, hamsini na mbili ni nyumba yake, saba ni upana, zote milimita. Namba zikisomeka, umepona. Zisiposomeka, pima shafti na pima nyumba, usipime mpira uliokwisha chakaa. Bonyeza mdomo wake kwa kidole gumba. Mpya unalegea na kurudi. Huu umekuwa mgumu kama kucha, na ukingo wake umepata bapa linalong'aa. Ndani kuna springi nyembamba ya duara. Upande wa springi unatazama oili. Siku zote. Ipakeni grisi mdomoni kabla ya kuingiza, na kama shafti ina njia ya ufunguo (ule mfereji wa kabari), ifungeni karatasi laini au plastiki, maana kona ile inachana mpira na wewe hutajua hadi kesho. Igongeni kwa bomba linalolingana na ukingo wa nje, siyo bisibisi ya kuzunguka zunguka.

Kisha pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo ulipokuwa unakaa. Ukucha ukikwama, pana mfereji, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Kama nafasi ipo, isogeze milimita moja au mbili ikae mahali papya. Nafasi hakuna, sisi ni wachonga vyuma, tengeneza bushi nyembamba uivalishe. Na ukisafisha shafti kwa msasa kwenye mashine, shikilia msasa mahali pamoja, usiupeleke kushoto na kulia. Ukiupeleka unaacha mikwaruzo ya mzunguko, ni hesi ndogo, kama ya skrubu, isiyoonekana kwa macho, na shafti ikizunguka hesi ile inapampu oili kuitoa nje. Sili mpya, shafti inang'aa, na bado inavuja. Hilo limewachanganya mafundi wazuri sana.

Halafu shika spindeli uitikise, au bora weka dayo geji, kile kipimo chenye uso wa saa. Ikiwa beringi imelegea, shafti inacheza, na hakuna mpira duniani utakaofuata shafti inayocheza.

Mikono ya gia, ile ya mbele ya kichwa, kila mmoja unapita kwenye ukuta na o-ringi. Hizi ni rahisi na hamzifanyi. Toa pini, vuta mkono, o-ringi iliyokauka itoke vipande vipande. Mpya iwe ya mpira unaoitwa nitraili, ule unaovumilia oili ya madini. Wengi mnakwenda kutafuta kwenye vifaa vya breki kwa sababu vipo kila kona ya Mwanjelwa. Mpira mwingi wa breki umetengenezwa kwa ajili ya maji ya breki, ambayo siyo oili ya madini, na ukikutana na oili yetu unavimba na kulainika. Kama huna hakika, utumbukize kwenye oili yako siku mbili, pima kabla na baada. Ukinenepa, urudishe dukani.

Silikoni nimeshaisema vibaya, nimalizie: ina mahali pake. Mfuniko wa bati wa pembeni, plagi fulani, sawa, mstari mwembamba kama uzi, upande wa ndani wa boliti, baada ya kusafisha pande zote mbili hadi kitambaa kitoke cheupe. Ninayoipinga ni ile ya kupaka kwa nje juu ya oili inayotoka. Inashika saa mbili. Boliti zinazoingia hadi ndani ya sanduku la oili nazo hupitisha oili kwenye hesi zake; zitoe moja moja, zisafishe, zipake gundi ya hesi. Chuma cha kumwaga chenyewe kikiwa na vitundu vya hewa na kinatoa jasho, hutokea ila ni nadra. Kinapakwa rangi isiyoliwa na oili kwa ndani, sanduku likiwa tupu na kavu kabisa.

Dada wa Mafinga ameuliza kama maranda yanafaa kunyonyea oili sakafuni. Yananyonya vizuri sana, na yanawaka vizuri vilevile. Ukiyatumia, yatoke bandani jioni ile ile. Usiyalundike chini ya mashine ya kuchomelea. Mchanga mkavu ni salama zaidi ingawa ukiingia kwenye bedi unasaga, kwa hiyo ukae sakafuni tu. Na ile oili ya kopo msiirudishe kichwani, imekwisha beba chenga. Mimi naipaka kwenye minyororo na bawaba za geti.

Mzee wangu pale mbele ameuliza swali la mwisho, na ndilo la fedha: anaonyeshwa mashine ya kununua, na muuzaji anaapa haivuji hata tone. Mzee, mashine iliyooshwa asubuhi ya siku unayokwenda kuiona haikuambii kitu. Mwombe aiwashe izunguke nusu saa mkiwa mnapiga soga, karatasi nyeupe iko chini. Itatoa tone hapa na pale; tone kwa siku kwenye mashine ya umri huo ni la kuwekea kopo na kusahau, wala usishushie bei kwa hilo. Isipotoa hata moja, chungulia kioo cha oili. Kikiwa kikavu, fungua mfuniko wa juu na utazame gia kwa tochi kabla hamjataja bei.